Fulana za kuelimisha jamii kuhusu selimundu: rangi ipi, maneno yapi, kitambaa kipi?

Mbunifu wa Mwanza

Wanajukwaa wenzangu, salamu kwenu nyote.

Mimi ni mbunifu wa mavazi hapa Mwanza, na kwa kawaida wateja wangu ni watu wa sare za harusi, za kwaya na za mahafali. Hivi karibuni kikundi cha wazazi wenye watoto wanaoishi na selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozifanya chembe nyekundu za damu zipinde kama mundu, kiliniomba niwabunie nguo za kawaida, yaani zile ambazo mtu anaweza kuzivaa akienda sokoni, akipanda daladala au akikaa barazani jioni, na ambazo zitamfanya anayeziona aufahamu ugonjwa huu walau kidogo. Wanataka zianze kuvaliwa tarehe 19 Juni, ambayo ni Siku ya Selimundu Duniani kwa mujibu wa azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la mwaka 2008, lakini walinisisitizia kwamba hawataki fulana ya siku moja, ambayo matembezi yakiisha hugeuka nguo ya kulalia na hatimaye tambara la kudekia.

Rasimu niliyonayo ni fulana nyeupe ya mikono mifupi. Kifuani kuna chembe ya damu nyekundu yenye umbo la mundu, na kando yake utepe mwekundu. Mgongoni nimechora watoto wanne waliosimama mstari mmoja, watatu wakiwa wa kijivu na mmoja mwekundu, na chini yao maneno: “Mmoja kati ya wanne. Pima kabla ya kuoa.” Chini kabisa nimeweka makadirio yanayotajwa mara nyingi, kwamba hapa Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka.

Wazazi wameipenda, lakini mimi mwenyewe sijaridhika nayo, na sijui kinachoniudhi ni rangi, ni maneno au ni kitu kingine. Ninaomba maoni ya wanaoishi na ugonjwa huu, ya wahudumu wa afya na ya mafundi wa kuchapa nguo. Je, mtu ataivaa fulana hii siku ya Jumanne tu ya kawaida, pasipo sherehe wala kamera?

---

Binti wa Tabata

Ndugu Mbunifu, ninaishi na selimundu tangu kuzaliwa, na sasa ni mtu mzima mwenye kazi na familia. Nitakujibu lile swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote: hapana, mimi nisingeivaa, na sababu yangu haina uhusiano na uzuri wa michoro yako.

Hebu jiulize ni nani atakayekuwa ndani ya fulana hiyo. Akiivaa mzazi, watu watamtafuta mtoto aliye pembeni yake na kumkazia macho. Nikiivaa mimi, kondakta wa daladala atajua habari za damu yangu kabla hajajua ninashukia wapi. Sisi tumezoea kuulizwa kwa nini macho yetu ni ya njano, na wengine wameshatuambia usoni kwamba hatutafika miaka ishirini, kwa hiyo nguo inayonitangaza kuwa mgonjwa kabla sijafungua kinywa hainisaidii kitu. Michoro ya mtoto mmoja mwekundu kati ya wenzake wa kijivu ndiyo inayoniumiza zaidi, maana huyo mwekundu ni mimi, na umenitenga na ndugu zangu.

Hata hivyo sisemi kwamba nguo ya namna hiyo haiwezi kufanya kazi. Kuna mfano wa Afrika Kusini ambao kila mbunifu wa fulana za afya angepaswa kuufahamu. Mwezi Desemba 1998 Gugu Dlamini aliuawa karibu na Durban baada ya kutangaza hadharani kwamba anaishi na VVU. Wanaharakati wa Treatment Action Campaign, iliyoanzishwa mwezi huohuo, walitengeneza fulana yenye maandishi makubwa kifuani yanayosema kwamba mvaaji ana virusi, na nguvu yake ilikuwa katika namna ilivyovaliwa. Waliivaa wenye virusi na wasio navyo, wazee na vijana, madaktari na wagonjwa wao, hata ikawa mtu anayeiona hawezi kujua ni nani mwenye virusi na ni nani asiye navyo, wala hapati wa kumnyooshea kidole. Desemba 2002 Nelson Mandela aliivaa akiwa Khayelitsha, kitongoji cha Cape Town, na picha ile ilizunguka dunia nzima.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ubuni nguo ambayo mtu asiye na selimundu ataipenda na kuinunua kwanza. Ikivaliwa na kijana wa bodaboda, na mwalimu, na shemeji yangu, ndipo na mimi nitaivaa bila wasiwasi, kwa sababu nitakuwa mmoja wa wengi.

Kuna jambo la pili ambalo huenda halikukupitia akilini kwa kuwa huna ugonjwa huu. Tarehe 19 Juni ni kipupwe. Matembezi ya hisani huanza alfajiri, watu wakiwa wamesimama uwanjani wakimsubiri mgeni rasmi, na wewe unataka kuwavisha watoto wenye selimundu fulana nyepesi ya mikono mifupi. Baridi ni mojawapo ya mambo yanayochochea maumivu yetu, pamoja na kukaukiwa maji, homa na uchovu, na mtoto aliyetembea kwa ajili ya kuelimisha wengine anaweza kuumaliza usiku huo wodini. Kwa watoto tengeneza fulana ya mikono mirefu au sweta la kofia. Mkono uwe mpana kiasi cha kukunjika hadi juu ya kiwiko bila kubana, kwa sababu siku tukilazwa, mkono ndipo dripu inapowekwa, na ninyi mafundi mkitushonea mikono ya kubana mnamlazimisha muuguzi atuvue nguo nzima wakati ambapo hata kuguswa ni mateso.

---

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu Mbunifu, hongera kwa kazi nzuri uliyopewa. Nimefanya kazi ya uuguzi wa watoto kwa miaka mingi, na kliniki ya selimundu naijua vizuri. Naanza na hao watoto wako wanne, kwa sababu binti wa Tabata amewakataa kwa sababu moja na mimi nawakataa kwa sababu nyingine.

Mchoro huo unafundisha uongo ingawa namba yake ni sahihi. Wazazi wawili wenye vinasaba vya AS, yaani wote ni wabebaji lakini si wagonjwa, wana uwezekano wa robo moja wa kupata mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa, katika kila mimba, nusu wa kupata mtoto mbebaji kama wao, na robo wa kupata mtoto mwenye AA, asiye mgonjwa wala mbebaji. Neno lenye uzito hapo ni “kila mimba”. Mimi nimekaa mezani na akina mama walioniambia kwa furaha kwamba mgonjwa wao wameshampata, sasa watatu wanaofuata watakuwa wazima, na wengine waliozaa watoto watatu wazima wakawa wanamsubiri wa nne kwa hofu kana kwamba zamu yake imefika. Picha ya watoto wanne waliopangwa mstari, mmoja akiwa na rangi tofauti, inathibitisha dhana hiyohiyo. Kama ni lazima uonyeshe uwezekano, usichore watoto, chora mimba moja. Ila mimi naona fulana si mahali pa somo la urithi. Waachie wahudumu wenye muda wa kujibu maswali.

Kuhusu “Pima kabla ya kuoa”, nakushauri uyatafakari sana maneno hayo. Kupima ni jambo jema na mimi mwenyewe nimewahimiza vijana wengi wapime. Lakini yakivaliwa na mtoto mwenye selimundu, yanakuwa na maana gani? Yanawaambia watu kwamba kama wazazi wake wangepima, yeye asingekuwapo. Mtoto wa miaka kumi na miwili anajua kusoma, na anajua pia kuunganisha mambo. Zaidi ya hapo, ujumbe huo umekuwa fimbo ya kuwapigia wanawake. Nimeona ndoa zikivunjika kwa sababu mume na mawifi wameshikilia kwamba damu mbaya imetoka kwa mke, ilhali mtoto hawezi kuwa na SS bila kupokea upande mmoja kwa mama na upande wa pili kwa baba.

Sasa ukiniuliza ningependa nguo hiyo iseme nini, nitakupa ujumbe ambao haujavaliwa na mtu bado, ninavyojua mimi. Figo za mtu mwenye selimundu hazina uwezo mzuri wa kubana mkojo. Anapoteza maji mengi, hivyo lazima anywe maji mara kwa mara mchana kutwa, na lazima aende chooni mara kwa mara vilevile. Darasani hayo mawili ndiyo yanayomgombanisha na mwalimu: ukinyosha mkono mara ya tatu unaonekana mtundu, ukitoa chupa unaambiwa darasa si hoteli. Mtoto anaacha kunywa maji ili asiombe ruhusa, na siku mbili baadaye mzazi anamleta kwetu analia kwa maumivu ya mifupa. Basi andika kifuani, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka ubaoni: “NIRUHUSU NINYWE MAJI.” Mgongoni weka mstari mmoja mdogo wenye kutaja selimundu. Mwalimu akishayasoma hayo anajua la kufanya kesho asubuhi, na maneno hayo anaweza kuyavaa mtoto yeyote, mgonjwa au mzima, maana ni nani asiyehitaji maji?

Ujumbe wa pili unaofaa kwa watu wazima ni kwamba homa kwa mtoto mwenye selimundu ni dharura. Bandama lake huharibika mapema na kinga yake dhidi ya baadhi ya bakteria hupungua, ndiyo maana watoto wadogo hupewa penisilini ya kila siku hadi kufikia miaka mitano. Homa ambayo mtoto mwingine angepewa dawa ya kuishusha na kulala nayo, huyu hapaswi kulala nayo. “Homa ya leo, hospitali leo.” Maneno matano, na yanaweza kuokoa maisha.

Ile takwimu ya 11,000 iondoe. Ni makadirio mazuri kwa hotuba ya mgeni rasmi, lakini mtu wa sokoni hana cha kufanya nayo, na miaka mitano ijayo itakuwa imepitwa na wakati huku nguo ikiwa bado inavalika.

---

Fundi wa Kariakoo

Nimesoma maoni ya wakubwa zangu hapo juu na ninayaunga mkono. Mimi ninachapa tisheti, kofia na mifuko, kwa hiyo nitazungumzia rangi na wino.

Nyekundu yako iache kabisa. Huku kwetu ukivaa fulana nyekundu katikati ya msimu wa ligi wewe ni Simba, na hakuna atakayesogea kusoma maandishi yako isipokuwa mtu wa Yanga anayetafuta ugomvi. Kijani na njano zina wenyewe pia, uwanjani na katika siasa. Utepe mwekundu nao umeshikwa: wasanii wa New York waliubuni mwaka 1991 kwa ajili ya Ukimwi, na hapa nchini kila aliyepita shuleni anaujua hivyo. Mtu akiuona juu ya fulana yako atasoma VVU kabla hajasoma selimundu, na mvaaji atabaki kuelezea asichoulizwa.

Kuna tatizo jingine katika mchoro wako wa kifuani ambalo huenda hujaliona. Umbo jekundu lililopinda, juu ya kitambaa cheupe, ukilitazama kutoka ng’ambo ya barabara ni Hilali Nyekundu. Alama hiyo na ile ya Msalaba Mwekundu zinalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, na si mapambo ya kila nguo inayohusu afya. Nimewahi kukataa oda za watu waliotaka msalaba mwekundu mgongoni kwa kuwa eti unaonyesha “mambo ya hospitali”. Chembe yako ya mundu ichore ikiwa pamoja na chembe za kawaida za mviringo, nyingi, zikitiririka kama zilivyo kwenye mshipa, mbili tatu tu zikiwa zimepinda. Hapo inakuwa pambo zuri hata kwa asiyejua maana yake, na anayejua ataitambua.

Kwa rangi ya kitambaa ningekwenda na damu ya mzee. Inatumika katika nchi kadhaa kuashiria selimundu, haina timu, haishiki uchafu upesi, na inawapendeza wanaume na wanawake.

Sasa upande wa uchapaji. Watu watakushawishi kutumia sablimesheni kwa sababu ni rahisi na rangi zake zinang’aa. Usikubali. Rangi ya sablimesheni inageuka mvuke kwa joto la nyuzi karibu 200 na kuingia ndani ya uzi wa poliesta. Kwenye pamba haishiki, na kwenye kitambaa cheusi au cha damu ya mzee haionekani. Maana yake utalazimika kununua fulana nyeupe za poliesta, na poliesta inambana mtu jasho, jambo ambalo kwa mujibu wa maelezo ya muuguzi wetu hapo juu kuhusu maji sidhani kama linawafaa watoto hao.

DTF, ile ya kuchapa kwenye karatasi ya plastiki na kubandika kwa hiti presi, inashika kwenye pamba ya rangi yoyote na inafaa kwa oda ndogo. Lakini ukichapa pambo kubwa la kifua kizima, unakuwa umemvisha mtu kipande cha plastiki kisichopitisha hewa. Kama utaitumia, acha nafasi tupu ndani ya mchoro. Michoro ya chembe zilizotawanyika inafaa sana kwa hilo, kwa sababu kati ya chembe na chembe kitambaa kinapumua.

Kwa oda kubwa hakuna kinachoishinda skrini, yaani kusukuma wino kwenye kitambaa kupitia fremu ya wavu. Gharama yake iko katika kutengeneza fremu, na kila rangi inataka fremu yake, kwa hiyo ubuni kwa rangi moja au mbili tu: maandishi ya rangi ya maziwa juu ya damu ya mzee yanatosha. Wino wa plastisoli unaonekana vizuri juu ya kitambaa cheusi lakini lazima uivishwe kwa joto la nyuzi kama 160, na hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu kazi, kwani wanaukausha juu juu kwa pasi, mteja anafua mara tatu, maneno yanamenyuka. Kabla hujalipa, chukua fulana moja iliyokwisha kuchapwa, vuta kitambaa penye maandishi kwa mikono miwili. Wino ukipasuka vipande vipande, haukuiva. Mrudishie fundi wako palepale.

Kitambaa kiwe pamba ya gramu 180 hivi kwa mita ya mraba. Ikiwa chini ya 150 inaonyesha ndani na kuvutika shingo, na ndipo inapoanza safari ya kwenda kwenye ndoo ya kudekia.

---

Mwana wa Mombasa

Assalamu alaykum. Nawasoma kutoka pwani ya Kenya, ambako selimundu tunaijua vilevile, hasa Kilifi na viunga vyake, kama wanavyoijua ndugu zetu wa Kisumu na Busia. Ugonjwa huu umekaa zaidi palipokuwa na malaria nyingi, kwa kuwa mbebaji wa AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison alilionyesha kwa utafiti wake Afrika Mashariki mwaka 1954. Huwa nawaambia watu habari hiyo kila wanapoanza maneno ya laana na uchawi.

Nina swali dogo kwa Mbunifu: kwa nini lazima iwe fulana? Umetafuta vazi la kawaida, la kila siku, lenye maandishi, linalovaliwa bila sherehe wala kamera. Hilo tunalo tangu zama za mababu, nalo ni leso, ninyi mnaita kanga. Mfanyabiashara wa hapa kwetu, Kaderdina Hajee Essak, alijulikana kwa leso zake zenye chapa ya “Mali ya Abdulla”, na tangu wakati huo mwanamke wa pwani hanunui leso bila kusoma jina lake kwanza. Leso ikizungumza, watu husikiliza, maana wamezoea kwamba ina la kusema.

Na tazama leso hutumika wapi. Mama humfunikia mtoto, humbebea mgongoni, huitandika kwenye benchi la kliniki. Dalili ya kwanza ya selimundu kwa watoto wengi ni kuvimba vidole vya mikono na miguu, nayo hujitokeza baada ya miezi sita hivi ya mwanzo, yaani wakati mtoto bado yumo ndani ya leso. Hakuna fulana itakayofika karibu na vidole vile kwa wakati ule.

Sharti moja tu: jina la leso halihubiri. Ukiandika “Wahi kituo cha afya kwa uchunguzi wa hemoglobini” utabaki na marobota dukani. Jina linataka kufumba, limuume anayestahili kuumwa na limtie moyo anayestahili. Nimeyasoma maneno ya mama muuguzi kuhusu akina mama wanaotupiwa lawama, nami nikaona jina hili lingefaa:

TULIMPA SOTE, TUMLEE SOTE

Mume akiliona juu ya kamba ya kuanikia nguo atajua limemlenga, na wifi naye hatakuwa na la kusema. Pindo lijae chembe za mviringo, mji uwe na mapambo ya korosho kama ilivyozoeleka, na hapa na pale chembe iliyopinda. Maelezo ya kitabibu yakae kwenye kikaratasi kinachokunjwa ndani ya doti wakati wa kuuza. Tahadhari ni kwamba kiwanda hakikuchapii leso chache, kwa hiyo kikundi chenu kitahitaji kuungana na vingine au kuanza na fulana, kisha leso ifuate.

---

Mbunifu wa Mwanza

Ninawashukuru sana, na mama muuguzi, shikamoo. Nimekaa na wazazi, tumeyapitia maoni yenu moja baada ya jingine, na yafuatayo ndiyo tuliyokubaliana.

Watoto wanne wameondoka, pamoja na utepe, takwimu na “Pima kabla ya kuoa”. Nguo zitakuwa za aina mbili. Ya kwanza ni fulana ya damu ya mzee yenye chembe zinazotiririka kutoka bega la kulia hadi kiunoni, imechapwa kwa skrini kwa rangi moja ya maziwa, na mgongoni karibu na shingo kuna maneno madogo “Homa ya leo, hospitali leo” na neno selimundu chini yake. Hii itauzwa kwa mtu yeyote, na tumeamua kwamba wa kwanza kuivaa watakuwa madereva wa bodaboda wa kijiwe kilicho jirani na mahali wazazi wanapokutania, ambao wamekubali bila hata kubembelezwa. Ya pili ni ya watoto, mikono mirefu, mipana ya kukunjika, yenye “NIRUHUSU NINYWE MAJI” kifuani. Mwalimu mkuu mmoja amekwisha kuomba awanunulie wanafunzi wa darasa zima ili wavae siku za michezo, jambo ambalo naamini litampendeza binti wa Tabata.

Wazo la leso tumelipokea kwa mikono miwili, na kikundi kinatafuta wenzao wa mikoa mingine wa kuchangia gharama. Jina limewafanya akina mama wawili walie na baba mmoja aangalie chini.

Limebaki swali moja. Wazazi wanaomba fulana za watoto ziwe na taarifa za dharura, yaani jina la ugonjwa, kundi la damu, dawa zinazomdhuru mtoto na namba ya simu ya mzazi. Nilifikiria kuziweka kwenye lebo ya shingoni. Mnaonaje?

---

Binti wa Tabata

Nimefurahi kuhusu lile darasa zima, wala sitajificha.

Taarifa za dharura ni wazo zuri, mradi zikae ndani, mahali ambapo anayezihitaji atazikuta na anayepita njiani hatazisoma. Lebo ya shingoni usiitumie, kwa kuwa inakwaruza na watoto huikata kwa mkasi wiki ya kwanza. Chapa mistari mitupu upande wa ndani wa pindo la chini, ubavuni kushoto, kisha mzazi ajaze mwenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika kwa maji, ili namba ikibadilika aweze kuikata na kuandika nyingine chini yake. Kundi la damu liache. Hospitali haitaongeza damu kwa kusoma fulana, lazima ipime, na kosa la kalamu hapo halina faida yoyote. Badala yake andika jina la kliniki anakohudhuria, pamoja na dawa anazotumia kila siku, kwa mfano haidroksiurea na asidi ya foliki, kwa sababu hayo ndiyo tunayoulizwa mapokezini wakati mtoto hawezi kuzungumza kwa maumivu na aliyemleta ni jirani.

Jambo la mwisho linahusu saizi. Usiagize fulana za watoto zenye alama za umri. Wengi wetu tulikua taratibu na kubalehe kwa kuchelewa, na kijana wa miaka kumi na minne anaweza kuhitaji nguo ambayo dukani imeandikwa miaka kumi. Akipewa mbele ya wenzake nguo yenye namba hiyo, hataivaa tena hata iwe na ujumbe mzuri namna gani. Pima kimo kwa sentimita, weka alama za herufi, na siku ya kugawa mwite kila mtoto kwa jina lake umkabidhi iliyokwisha kufungwa.